Zege la urembo katika nchi ya theluji: namna ya kuchagua uso utakaodumu

Watu wetu walionunua nyumba Minnesota, hasa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, hufika wakati wakataka kung'oa njia ya gari iliyopasuka au kumwaga baraza nyuma ya nyumba. Mitandaoni kumejaa picha za zege lililopigwa chapa likafanana na mawe ya kuchonga, linang'aa utadhani limetoka kupakwa mafuta. Mwenye nyumba anamwonyesha mkandarasi picha, wanaelewana bei, kazi inafanyika. Msimu wa pili wa baridi ukipita, uso unaanza kubambuka.

Ufundi wa kupiga zege chapa ulizaliwa mahali pasipo na theluji. Brad Bowman aliuanzisha pwani ya California katika miaka ya 1950, na huko maji kuganda uani ni jambo la nadra. Kwenye baridi unawezekana, na unafanyika kila mwaka, lakini kwa masharti ambayo picha haiyaonyeshi. Mwongozo huu unamhusu mwenye nyumba anayelipa, ajue la kuchagua na la kudai. Mifano nimeitoa Minnesota. Anayeishi Winnipeg, Edmonton au Maine ataitumia bila kubadilisha mengi.

Msimamo wangu nautanguliza: chagua uso wa zege kwa kufikiria maji yataingiaje na yatatokaje, ndipo uje kwenye rangi na mchoro. Mng'ao ukae ndani ya nyumba. Nje pabaki na ukwaruzo.

Hatua ya 1: Jua kinacholiharibu zege

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Zege, hata lile gumu, lina vinyweleo vinavyonywa maji ya mvua na ya theluji inayoyeyuka. Vinyweleo vikijaa, kisha maji yakaganda, maji hayo hutafuta pa kutanukia, yakikosa, hupasua. Baridi kali peke yake si hatari kubwa. Wiki nzima ya Januari kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huliacha zege limetulia, kwa sababu barafu iliyomo ndani haibadiliki. Mwezi mbaya ni Machi. Mchana jua linayeyusha, usiku panaganda, kesho yake vilevile, na muda wote huo zege limelowa chapachapa.

Chumvi ya kuyeyushia barafu huongeza madhara. Hugeuza barafu kuwa maji siku ambazo zege lingebaki kavu, hulifanya lishike unyevu kwa muda mrefu zaidi, na maji hayo ya chumvi yakiganda ndani ya tabaka la juu huchubua ganda kidogo kidogo mpaka kokoto zinaonekana.

Dawa yake ilijulikana Marekani katika miaka ya 1930. Ilionekana kwamba baadhi ya vipande vya barabara havibambuki kama vingine, na saruji yake ilikuwa imechanganyika na mafuta wakati wa kusagwa kiwandani. Mafuta hayo yalizalisha viputo vidogo mno vya hewa ndani ya zege. Maji yanapoganda husukumana hadi kwenye kiputo kilicho karibu, na shinikizo hupungua kabla halijapasua kitu. Leo kuna kemikali maalumu ya kuleta viputo hivyo, na zege lolote la nje katika nchi ya baridi lazima liwe nayo.

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuponza. Kwetu fundi mzuri wa sakafu anajulikana kwa niru yake: ananyunyiza saruji tupu juu, anasugua kwa mwiko wa chuma mpaka uso unafunga na kung'aa. Dar es Salaam au Mombasa hilo ni sawa kabisa. Nje ya nyumba ya Minnesota ni kuliua zege siku ya kwanza. Mwiko wa chuma hukamua viputo vya hewa kwenye milimita chache za juu, yaani palepale vinapohitajika kuliko mahali pengine. Tena hufunga uso kabla maji yaliyo chini hayajapanda na kutoka, kwa hiyo chini ya ngozi ile nzuri panabaki tabaka dhaifu lenye maji. Baridi ikija, ngozi inatoka vipande vipande. Kwa kazi ya nje, dai uso usawazishwe kwa ubao au kwa sawazisho la magnesi, kisha upigwe ufagio au umalizwe kwa namna nyingine yenye ukwaruzo. Asikuletee mtu niru nje.

Hatua ya 2: Gawa nyumba kwa maeneo

Zunguka nyumba yako ukiwa na karatasi. Andika ni wapi patamwagwa chumvi: njia ya gari, njia ya miguu kutoka barabarani, ngazi za mlango wa mbele. Hayo ndiyo maeneo magumu, na uso wake uwe wa kawaida kadiri unavyoweza kuvumilia. Kisha andika maeneo yaliyo wazi lakini hayaguswi na chumvi. Mara nyingi ni baraza la nyuma ambalo wakati wa baridi hakuna anayelikanyaga. Hapo unaweza kujipa uhuru zaidi. Ukumbi wenye paa una nafuu zaidi. Ndani ya nyumba hakuna theluji, na urembo wowote unawezekana.

Gereji watu huisahau kwa kuwa ina paa. Gari linaingia limebeba theluji ya barabarani iliyochanganyika na chumvi, inayeyuka na kudondoka sakafuni usiku kucha, siku baada ya siku, katika chumba ambacho mara nyingi hakina joto. Ihesabu pamoja na maeneo magumu.

Angalia pia mabomba ya paa yanamwaga wapi. Bomba linalomwaga juu ya njia ya miguu litaharibu kipande hicho hata zege likiwa bora kiasi gani, na kitakuwa kipande cha barafu cha kuvunjia watu nyonga. Lihamishe kabla hujaagiza chochote.

Hatua ya 3: Chagua aina ya uso

*Zege la kufagiwa lenye rangi.* Ndilo chaguo langu la kwanza kwa njia ya gari na ngazi, na ndilo la bei nafuu kuliko yote ya urembo. Rangi huchanganywa ndani ya zege lote, uso unafagiwa ukingali mbichi, na pembeni unaweza kuwekewa ukanda wa rangi nyingine au mpaka uliolainishwa kidogo kwa kifaa cha kingo. Mifagio inaweza kwenda pande tofauti kwa kila mraba, na jua la jioni likiigonga unaona kama mkeka uliosukwa. Linashika kiatu, chepe linapita bila kukwama, na likikwanguka rangi ni ileile mpaka chini. Watu hulidharau kwa kuwa linafanana na la kila mtu. Liangalie tena baada ya miaka kumi ukilinganisha na lile la jirani.

*Zege la kokoto wazi.* Uso unapulizwa dawa ya kuchelewesha kukauka, kisha baada ya saa kadhaa unaoshwa ili kokoto zijitokeze. Linapendeza, halitelezi, na uchakavu wake hauonekani haraka. Masharti ni mawili. La kwanza, kokoto zisioshwe zaidi ya theluthi moja ya unene wake. Zikijitokeza zaidi zitang'oka. La pili ni aina ya mawe. Changarawe za mitoni na mashimoni huku Minnesota mara nyingi zina vipande vya mawe laini yanayonyonya maji. Jiwe la namna hiyo likiwa karibu na uso linaganda, linavimba na kuruka, linaacha kishimo cha ukubwa wa sarafu. Vishimo hivyo havidhoofishi zege, ila vinachosha macho, na wakandarasi wengi huandika kwenye mkataba kwamba hawavihusu. Kwa zege la kokoto wazi omba mawe ya graniti iliyopondwa au ya volkano yaliyo meusi. Yana gharama zaidi, na nadhani gharama hiyo ni ya halali kabisa.

*Zege la chapa.* Mihuri mikubwa ya mpira inakandamizwa juu ya zege bichi ili kuacha mchoro wa mawe, mbao au matofali. Kama unalitaka, liweke baraza la nyuma, au liwe ukanda mwembamba pembeni mwa njia ya gari, wala si njia nzima. Chagua mchoro usio na kina wala mifereji, kama ule wa jiwe bapa lisilo na viungo. Mifereji yenye kina inayoiga mawe ya barabara za kale inashika maji, maji yanageuka barafu, na chepe la theluji linagonga kila ukingo. Pia zege la chapa karibu daima hupakwa sila (dawa ya kuziba na kulinda uso) ya kung'aa, na sila hiyo ikipata umande ulioganda inateleza kupita kiasi. Dai ichanganywe na chembechembe za kuzuia utelezi. Usikubali kuambiwa zitaharibu mng'ao. Mguu wa mama yako mzazi akija kukutembelea Desemba una thamani zaidi.

Siku ya kazi, angalia idadi ya watu. Zege huanza kuwa gumu upande wa jua kwanza, na kikosi kidogo kikizidiwa huanza kunyunyiza maji juu ili mihuri iendelee kuingia. Maji yale yanaudhoofisha uso uleule unaotakiwa kupambana na baridi. Waulize mapema watakuwa wangapi, na kama eneo ni kubwa, ligawanywe kwa siku mbili.

Wapo mafundi wanaorushia unga wa rangi juu ya zege bichi badala ya kuchanganya rangi ndani. Unatoa rangi kali na uso mgumu. Lakini unga huo unahitaji maji yanayopanda kutoka kwenye zege ili ulowe na kushikana, na zege lenye viputo vya hewa hutoa maji machache sana juu. Fundi hodari anaweza kulifanikisha. Mimi kwa kazi ya nje ningechagua rangi ya ndani.

*Uso wa mashimo ya chumvi.* Hutengenezwa kwa kukandamiza chembe za chumvi ya mawe kwenye zege bichi, kisha zinaoshwa na kuacha vishimo. Katika nchi ya joto ni mzuri pembeni ya bwawa la kuogelea. Kwenye baridi kila kishimo ni kikombe cha maji kinachosubiri kuganda. Uache kabisa.

*Tabaka jembamba juu ya zege la zamani.* Hili ndilo linaloshawishi wengi, kwani linaahidi sura mpya bila kubomoa. Linashikamana vizuri ndani ya nyumba na kwenye ukumbi wenye paa ambao jamvi lake, yaani bamba la zege lililolala chini, ni zima. Juu ya jamvi la nje linalobambuka au linalonyanyuka na baridi, halifai: maji yanapita chini yake, yanaganda, linaachia. Kama zege la chini limeoza, bomoa.

Na kama udongo wako ni mfinyanzi unaoshika maji na jamvi la zamani lilikuwa limepanda na kushuka, fikiria pevingi, yaani matofali yanayopangwa juu ya mchanga, badala ya zege la kumwaga. Tofali moja moja likinyanyuliwa na baridi linaweza kung'olewa, mchanga ukasawazishwa, likarudishwa. Jamvi halina nafasi hiyo.

Hatua ya 4: Rangi

Chagua rangi za oksaidi ya chuma: nyekundu, kahawia, manjano ya udongo. Hazichujuki kwa jua. Nyeusi inayotokana na kaboni hufifia nje, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na huoshwa na mvua. Ukitaka rangi nzito, omba nyeusi ya oksaidi ya chuma. Rangi nyeusi au ya makaa ina faida ya kunyonya jua na kuyeyusha theluji mapema, lakini kila alama nyeupe ya chumvi itaonekana juu yake kuanzia Novemba hadi Aprili. Kahawia nyepesi na kijivu chenye joto vinaficha zaidi.

Kuna kemikali moja ya kuikataa kwa maandishi: kloridi ya kalsiamu, inayotumika kuharakisha zege kukauka siku za baridi. Huleta mabaka meusi kwenye zege la rangi. Kama kuna haja ya kuharakisha, zipo dawa zisizo na kloridi. Omba pia kipande cha sampuli, futi mbili kwa mbili, kimwagwe kwa mchanganyiko na sila vilevile vitakavyotumika, ukione kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa kabla hujasaini.

Hatua ya 5: Zege lenyewe na kilicho chini yake

Urembo wowote uliouchagua unasimama juu ya namba chache, na namba hizi zinapaswa kuwa kwenye mkataba. Kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi inadai zege lenye viputo vya hewa na nguvu ya angalau psi 3,500 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa ngazi, kumbi na gereji katika maeneo ya baridi kali. Wewe kwa njia ya gari na baraza omba psi 4,500, maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji, na hewa kati ya asilimia 5 na 8. Canada wanasema karibu jambo hilohilo kwa megapaskali 32.

Lori likifika, dereva ana karatasi inayoonyesha mchanganyiko. Iombe, ipige picha. Kisha kaa karibu. Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote hutokea dakika ile fundi anapomwambia dereva aongeze maji ili zege liteleze na kusambazwa kwa urahisi. Kama linahitaji ulaini, kuna kemikali ya kulainisha isiyoongeza maji. Kataa kwa heshima, lakini kataa.

Chini yake, baridi ya Minneapolis inakwenda mbali. Kanuni za jimbo zinataka msingi wa nyumba ufike inchi 42, karibu sentimita 107, ili uwe chini ya ardhi inayoganda. Kaskazini mwa jimbo ni inchi 60. Jamvi la baraza halina msingi huo, kwa hiyo litacheza. Kazi yako ni kuliacha licheze bila kuvunjika. Liwe limetenganishwa na ukuta wa nyumba na gereji kwa ukanda laini. Chini yake kuwe na kokoto zilizoshindiliwa, inchi 4 hadi 6 za ile ambayo mafundi wa hapa huiita "klasi faivu". Mteremko uondoke nyumbani kwa robo inchi kila futi. Unene usiwe chini ya inchi 4, na njia ya gari zito inchi 5 au 6. Mikato ya kuelekeza nyufa ifuate kila futi 8 hadi 10 kwa jamvi la inchi 4, kina chake robo ya unene. Kaa na fundi muichore mikato hiyo ikifuata mchoro wa urembo, maana asipopanga atakata katikati ya mchoro wako mzuri. Kabla ya kuchimba, piga 811 waje waonyeshe mabomba na nyaya, ni bure.

Ngazi za mbele ni habari nyingine. Kama zimeshikamana na nyumba zinahitaji msingi wake wenye kina, la sivyo zitainama kuelekea mlangoni na maji yatafuata.

Hatua ya 6: Wakati wa kumwaga

Msimu mzuri ni mwisho wa Mei hadi Agosti. Minneapolis huanza kupata usiku wa kuganda Oktoba, na zege la nje linahitaji mwezi wa kukomaa na mwezi mwingine wa kukauka kabla halijakutana na chumvi. Mkandarasi atakupa bei nzuri ya mwisho wa Oktoba kwa kuwa kazi zimepungua. Kwa ukuta wa msingi sawa. Kwa zege la urembo ningesubiri masika, hata kama inabidi kupita kwenye matope mwaka mzima. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, kazi inahitaji mablanketi ya kutunza joto, na mablanketi hayo, kama ilivyo nailoni iliyolala moja kwa moja juu ya zege, huacha mabaka ya rangi.

Jambo lingine linalotofautiana na kwetu ni kumwagilia. Kukomaza zege kwa maji siku saba ni sahihi mwezi wa Juni. Mwezi wa Septemba ni kulijaza maji muda mfupi kabla ya baridi. Hapo dawa ya kupuliza inayozuia maji kutoka haraka ni bora, mradi ikubaliane na sila utakayopaka baadaye.

Hatua ya 7: Sila

Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya akriliki huunda ngozi juu, hung'arisha na kukoleza rangi. Ya sileni au siloksani huingia ndani ya vinyweleo, haionekani, inazuia maji ya juu kuingia huku ikiacha mvuke wa chini utoke. Kwa njia ya gari, njia za miguu na zege la kokoto wazi tumia hii ya pili. Akriliki ibaki kwenye zege la chapa, kwa kuwa bila hiyo rangi zake zinapoa. Ipakwe nyembamba, siku kavu, joto likiwa juu ya nyuzi 10, na irudiwe takribani kila miaka miwili au mitatu. Wenye nyumba wengi huongeza tabaka nene kila mwaka wakidhani wanalinda. Unyevu unaotoka chini unanaswa, uso unageuka mweupe kama maziwa, na ngozi inaanza kuachia. Sila haiokoi zege bovu. Inapunguza tu maji yanayoingia kwenye zege zuri.

Hatua ya 8: Ndani, penye uhuru

Hapa mengi ya hapo juu yanageuka. Sakafu ya ndani inayosuguliwa kwa mwiko wa chuma haitakiwi kuwa na viputo vya hewa vya makusudi. Hewa ikizidi asilimia 3 mwiko hufunga uso na kuacha malengelenge yanayobanduka. Kwa hiyo mchanganyiko wa besimenti (chumba cha chini ya nyumba) na ule wa nje visitoke lori moja. Gereji iko katikati: kanuni inaruhusu hewa ishushwe hadi asilimia 3 kama itasuguliwa kwa chuma, lakini nguvu ipandishwe hadi psi 4,000. Ukitaka kuipaka rangi gereji, epoksi ya bei ya chini hubanduka chini ya matairi ya moto na pale unyevu unapopanda. Rangi ya poliaspatiki hukauka hata kwenye baridi na haigeuki manjano kwa jua, na kwa vyovyote uso usagwe kwa mashine kwanza, maana kuosha kwa asidi peke yake hakutoshi.

Kwenye besimenti au sebule ya jamvi unaweza kusugua zege kwa almasi likawa kioo, au kulipaka rangi ya asidi, ambayo hushikana kikemia na chokaa iliyomo na kutoa mawimbi ya kahawia na kijani yasiyojirudia. Na waliokulia kwenye nyumba zenye sakafu nyekundu ya oksaidi, ile ya kupaka nta na kusugua Jumamosi, wanaweza kuirudisha hapa bila hofu. Ni oksaidi ileile ya chuma. Niru iliyokatazwa nje, ndani ina nyumba yake.

Kinachosumbua ndani ni ubaridi na unyevu. Jamvi lisilo na kinga chini hunyonya joto la miguu. Kama unamwaga jipya, weka inchi 2 za povu gumu na nailoni nene chini yake, na kama mfuko unaruhusu, mabomba ya maji ya moto ndani ya zege. Sakafu ya zege ndiyo inayosambaza joto hilo vizuri kuliko zulia au mbao, na ikifika nyuzi 29 usoni imetosha. Usiwashe joto kabla ya siku 28. Kama jamvi ni la zamani, gundisha kipande cha nailoni cha inchi 18 kwa 18 sakafuni, kingo zote zimezibwa, kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta chini yake kumelowa au zege limekuwa jeusi, usipake epoksi wala akriliki. Rangi ya asidi na kusugua kwa almasi huvumilia unyevu kiasi, kwa kuwa hazijengi ngozi ya kubanduliwa.

Hatua ya 9: Majira ya kwanza ya baridi

Mwaka wa kwanza usimwage chumvi yoyote, mwaga mchanga. Fagia theluji mapema kabla haijakanyagwa, kwa chepe la plastiki au lenye ukingo wa mpira. Miaka inayofuata, ukilazimika, chumvi ya kawaida ndiyo yenye madhara madogo kwa zege, ingawa chini ya nyuzi 9 hasi inaishiwa nguvu. Kloridi ya kalsiamu hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi lakini pia huishambulia saruji kikemia. Kamwe usitumie bidhaa yenye amonia, ikiwemo mbolea ya bustani ambayo baadhi ya watu huitumia kama mbadala. Hiyo inayeyusha saruji yenyewe. Na chumvi iliyodondoka chini ya gari uizoe au uioshe siku yenye joto. Usiiache mpaka Aprili.

Hatua ya 10: Fundi na mkataba

Mwombe mkandarasi akuonyeshe kazi alizofanya miaka mitano iliyopita au zaidi, na uende kuziona Machi au Aprili, theluji ikiisha. Kazi ya mwaka jana haikuambii kitu. Kila zege ni zuri mwaka wa kwanza. Angalia pale magari yanapodondosha chumvi, angalia ngazi, angalia chini ya mabomba ya paa. Ongea na mwenye nyumba mwenyewe kama yupo.

Kwenye mkataba ziwemo namba za hatua ya tano, aina ya mawe, jina na namba ya rangi, katazo la kloridi ya kalsiamu na la kuongeza maji, siku ya mwisho ya kumwaga, na nani anabeba hasara uso ukibambuka ndani ya miaka mingapi. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mpaka sila ipakwe na kukauka. Omba pia jina kamili la sila iliyotumika na kama ni ya maji au ya kiyeyushi cha kemikali, uliandike mahali usipopoteza, pamoja na kile kipande cha sampuli ukakihifadhi gereji. Atakayekuja kupaka tena miaka mitatu baadaye huenda asiwe yule wa mwanzo, na akipaka ya aina nyingine bila kujua, hazitashikana.